Kastadi ya Sufuria na Kastadi ya Barafu: Safari ya Milwaukee

Treni iitwayo Hiawatha hutoka Chicago kwenda Milwaukee mara kadhaa kwa siku, na maili 86 zilizopo kati ya miji hiyo huzimaliza kwa muda wa saa moja na nusu. Nilipanda asubuhi, nikapata kiti cha dirishani. Maghala ya Chicago yakapita, vikafuata vitongoji vyenye nyasi zilizokatwa sawasawa, kisha mashamba. Chai yangu ilikuwa haijapoa vizuri kondakta alipotangaza kwamba tunakaribia Milwaukee.

Ukitaja mji huu, wengi hukumbuka bia. Wajerumani waliohamia hapa katika karne ya 19 walijenga viwanda vya bia vilivyovuma Marekani nzima. Bia haikunihusu. Kilichonileta ni kitu kingine ambacho wenyeji wanakionea fahari vilevile: kastadi ya barafu. Kwa macho ni aiskrimu, ila ukiiita aiskrimu mbele ya mtu wa Milwaukee atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi.

Mpwa wangu alikuwa ananisubiri stesheni. Anasoma sayansi ya chakula katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichopo Madison, na kipindi cha kiangazi huja Milwaukee kufanya kazi.

"Shikamoo Shangazi. Za safari?"

"Marahaba mwanangu. Safari njema, alhamdulillahi."

Tulimaliza habari za nyumbani, za mama yake, za mvua na za bei ya mchele. Tulipokwisha kuingia garini akanigeukia. "Shangazi, kabla sijakupeleka popote, niambie. Kastadi unayoijua wewe ni ipi?"

Nilimwambia ninayoijua, ambayo ndiyo anayoijua yeye pia, maana amekulia Tanga. Ni ile ya kopo. Unga wake ukiwa mkavu una rangi ya waridi iliyofifia. Ukigusana na maziwa unageuka manjano. Unauvuruga kwa maziwa baridi kidogo, unaumimina kwenye maziwa yanayochemka yenye sukari, unakoroga mpaka uwe mzito. Ikishapoa unakatia ndizi, embe na papai, unaiweka kwenye friji. Mwezi wa Ramadhani hakuna mtaa Pwani usiokuwa na bakuli lake, na anayekuja kuftari kwako bila kuikuta atadhani mambo yamekuwa magumu.

"Sawa kabisa," akasema. "Sasa humo yai liko wapi?"

Yai halimo, na halimo kwa makusudi. Mwaka 1837, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, mkemia Alfred Bird alitengeneza unga wa kastadi kwa sababu mkewe, Elizabeth, alikuwa akidhurika kwa mayai. Badala ya yai alitumia wanga wa mahindi. Familia yake ikaupenda unga ule, wageni wakaupenda, na Bird akaanza kuuza. Unga hauozi, haumwagiki, hauhitaji friji. Kopo moja liliweza kukaa miezi ndani ya meli na bado likafaa kupikwa. Ndivyo ulivyosambaa katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Kiwanda cha familia hiyo huko Birmingham, mtaa wa Digbeth, siku hizi kimegeuzwa kuwa studio za wasanii na ofisi, na bado kinaitwa Kiwanda cha Kastadi.

Kwa hiyo mpwa wangu aliamua kwamba kabla ya barafu twende kwanza jikoni kwake, nikaone kastadi ilivyokuwa kabla ya Bird kuinyang'anya yai.

Chumba chake kiko ghorofa ya pili, jiko lenyewe la watu wawili wasiogombana. Alipasha nusu lita ya maziwa pamoja na tunda la vanila alilolipasua kwa kisu na kulikwangua mbegu zake. Vanila ile ilitoka Uganda. Iliandikwa kwenye kichupa chake, nami nikafurahi kukutana na jirani ugenini. Maziwa yalipoanza kutoa mvuke akayaepua. Katika bakuli akatenga viini vitano vya mayai, akaviweka na sukari kiasi cha vijiko vinne vya kulia, akavipiga kwa mchapo mpaka rangi ikapauka. Kisha akamimina yale maziwa ya moto kidogo kidogo, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukichapa bila kupumzika.

"Ukiyamwaga yote kwa pamoja, mayai yanashtuka," akasema.

Akarudisha mchanganyiko kwenye sufuria, moto mdogo kabisa, akanipa mwiko nikoroge huku yeye ameshika kipimajoto. Nyuzi 60, bado ni maziwa tu. Nyuzi 70, bado yanateleza. Nilianza kuchoka, nikataka kuongeza moto. "Usithubutu, Shangazi." Yalipofika nyuzi 80 hivi nikahisi mwiko unakuwa mzito mkononi. Akauinua, akapitisha kidole mgongoni mwake. Kikaacha njia safi ambayo haikujifunga. Papo hapo akaepua sufuria na kuchuja kastadi kwenye bakuli jingine.

Haraka ile ilikuwa na sababu. Kinachofanya kastadi ya mayai iwe nzito ni protini za kiini. Zikiwa baridi zimejikunja kila moja peke yake. Joto likizifikia hujikunjua na kushikana zenyewe kwa zenyewe, na zikishikana huyazuia maji ya maziwa yasitiririke. Yai tupu lingeanza kuganda kwenye nyuzi 65 hadi 70, lakini maziwa na sukari huzitenganisha protini hizo na kuzichelewesha, ndiyo maana lazima ufike karibu na 80. Ukipita 85, zinashikana kupita kiasi, zinajifunga mabonge na kuyakamua maji nje. Hapo huna kastadi tena. Una mayai ya kuvuruga yenye sukari. Kastadi ya kopo ni kinyume chake: usipoichemsha sawasawa, wanga wake hauivi na utabaki na ladha ya unga mbichi. Moja inataka ichemke, nyingine ikichemka imekufa.

Tuliila ikiwa vuguvugu, kwa vijiko, juu ya vipande vya keki. Ilikuwa laini, rangi yake hafifu kuliko ile manjano ya kopo, na utamu wake ulikaa ulimini muda mrefu. Iliyobaki akaiweka pembeni. "Hii tutaihitaji kesho," akasema, bila kufafanua.

Jioni tukaenda Leon's.

Duka hilo liko upande wa kusini wa mji, kwenye njia panda ya Mtaa wa 27 na Barabara ya Oklahoma, na lilianzishwa na Leon Schneider mwaka 1942. Ni jengo dogo lililozungushiwa taa za neoni. Jua likizama linaonekana kutoka mbali. Wenyeji watakwambia ndilo lililowapa watayarishaji wa tamthilia ya Happy Days wazo la mkahawa wao wa televisheni. Ndani hakuna meza. Unanunua dirishani, unakula umesimama au umekaa ndani ya gari lako. Tulikuta familia nzima zimeegemea magari yao, wazee wamevaa kofia za timu ya besiboli, watoto wakilamba mikono. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilikwenda mbio, kwa sababu hakuna cha kufikiria sana: ipo ya vanila, ya chokoleti, na ya siagi na njugu za pekani. Anayefika dirishani bado anajiuliza anataka nini hutazamwa vibaya.

Nilisogea nikatazama mashine. Ni sanduku la chuma cha pua, na mbele lina mdomo mpana. Kutoka mdomoni kastadi inatoka polepole bila kukatika, nene, yenye mng'ao, inateremka kwenye mfereji mfupi na kujikunja juu ya nyingine ndani ya chombo kilichopo chini. Hairuki wala haipulizwi; inashuka kwa uzito wake. Mwuzaji anachota kutoka chomboni humo, anaibandika juu ya koni, anakukabidhi. Kati ya mashine na mdomo wako zimepita dakika, labda saa. Haijawahi kulala kwenye friza.

Nilichukua ya vanila. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba meno hayakuuma. Aiskrimu ya kawaida huchotwa ikiwa na baridi ya nyuzi 12 au zaidi chini ya sifuri. Kastadi hii hutolewa kwenye nyuzi 8 hivi chini ya sifuri. Tofauti ni ndogo kwenye kipimajoto, lakini ulimi ukipoa sana haupati ladha, na huu wangu haukupoa sana. Jambo la pili ni uzito. Ilijaa kinywa, ikayeyuka taratibu kama samli kwenye wali wa moto, na haikuacha chembe hata moja ya barafu.

"Haya, Shangazi. Ni sawa na ya mchana?"

Nilimwambia si sawa hata kidogo. Ile ya mchana ilionja yai waziwazi. Hii yai lake halionekani, unahisi ulaini tu ambao hujui unatoka wapi.

Akacheka. "Unataka kujua humu mna mayai mangapi?"

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inaeleza jambo hili kwa tarakimu. Ili kitu kiitwe aiskrimu, mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10. Ili kiitwe kastadi ya barafu, pamoja na mafuta hayo kiwe na kiini cha yai kisichopungua asilimia 1.4 ya uzito wote, ukihesabu sehemu kavu ya kiini bila maji yake. Kikipungukiwa hapo ni aiskrimu, hata mwenye duka aandike nini kwenye bango. Mpwa wangu alitoa simu tukapiga hesabu juu ya boneti ya gari. Kilo moja inahitaji gramu 14 za kiini kikavu. Kiini kimoja kina uzito wa gramu 17 au 18, na nusu yake ni maji. Maana yake viini viwili vinatosha kilo nzima. Mchana tulitumia vitano kwa nusu lita ya maziwa!

Hapo ndipo jambo zima lilipokaa sawa kichwani mwangu. Nilikuja nikidhani kastadi ya barafu ni kastadi iliyogandishwa. Jina linakuelekeza huko. Lakini mayai mawili kwa kilo hayawezi kuifanya kuwa nzito kwa njia ile ya sufuria. Humu yai limepewa kazi nyingine. Kiini kina lesithini, kitu ambacho upande mmoja hupenda mafuta na upande wa pili hupenda maji, kwa hiyo huvishikanisha vitu viwili ambavyo kwa desturi havipatani. Mafuta ya malai yanatawanyika sawasawa, maji hayapati nafasi ya kukusanyika na kuganda kuwa chembe kubwa. Uzito wenyewe unatokana na mafuta, na baridi, na mwendo wa mashine. Katika sufuria yai ndiye mwenye nyumba. Katika mashine ni msaidizi, ila msaidizi asiyeweza kukosekana.

Historia nayo inakubaliana na hesabu hiyo. Kastadi ya barafu haikuzaliwa Milwaukee wala haikubuniwa na wapishi wa kastadi. Iliwatokea wauza aiskrimu. Mwaka 1919 ndugu wawili, Archie na Elton Kohr, waliotoka katika familia ya wafuga ng'ombe wa maziwa jimboni Pennsylvania, walifungua kibanda ufukweni Coney Island, New York. Tatizo lao lilikuwa joto: aiskrimu iliyeyuka mikononi mwa wateja. Walipoongeza viini vya mayai wakaona inakuwa laini zaidi na kustahimili zaidi. Simulizi ya familia yenyewe inasema mwishoni mwa juma la kwanza waliuza koni 18,460 kwa senti tano kila moja.

Kutoka ufukweni kule ikasafiri hadi Chicago kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1933, yaliyofanyika kando ya Ziwa Michigan. Mamilioni ya watu wa majimbo ya kati walihudhuria, na wengi walionja kastadi ya barafu kwa mara ya kwanza pale. Milwaukee ipo kaskazini kidogo, kando ya ziwa hilohilo, na Wisconsin nzima ilikuwa imejaa maziwa na mayai. Mwaka 1938 likafunguliwa duka la Gilles kwenye Barabara ya Bluemound, ambalo bado lipo. Miaka minne baadaye Leon's. Mwaka 1950 Elsa Kopp, mhamiaji kutoka Ujerumani, akafungua Kopp's. Ilianzia New York. Milwaukee ndiko ilikoota mizizi.

Siku iliyofuata tukaenda Kopp's ya Glendale, kaskazini mwa mji. Huko mambo ni makubwa zaidi: chuma cha pua kila mahali, hambaga zinazomshinda mtu mzima, na watu wanakula wamesimama kwenye kaunta ndefu. Zaidi ya vanila na chokoleti za kila siku, hutoka ladha mbili maalumu, na ratiba yake hutangazwa mapema ili kila mtu apange siku yake. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake wakutane Alhamisi, si Jumatano, kwa sababu ya ladha ya Alhamisi. Hakuna aliyemshangaa.

Tukachukua chombo cha nusu lita cha vanila, na njiani tukasimama supamaketi tukanunua ndoo ya aiskrimu ya bei nafuu. Nyumbani tukajaza kikombe kilekile mara mbili, mara moja kwa hiki na mara moja kwa kile, tukapima kwenye mizani ya jikoni. Kikombe cha kastadi kilikuwa kizito karibu mara moja na nusu kuliko cha aiskrimu. Tofauti hiyo ni hewa. Wakati wa kugandisha, mashine ya aiskrimu huingiza hewa, na kwa aiskrimu rahisi hewa inaweza kufika nusu ya ujazo wote. Sheria inazuia tu lita moja isipungue gramu 540 hivi. Mashine ya kastadi ya barafu huingiza hewa kidogo tu, mara nyingi chini ya robo. Wewe mnunuzi unalipia lita, na sehemu ya lita hiyo unaweza ukawa unalipia upepo.

Na sasa ikaja zamu ya kile kibakuli alichokiweka pembeni. Kumbe usiku alikigawa: nusu ya kastadi yetu ya mayai aliiweka kwenye friji, nusu kwenye friza. Ya friji ilikuwa nzuri kuliko jana, imetulia na vanila imekolea. Ya friza ilikuwa jiwe. Aliikwangua kwa ncha ya kisu, zikatoka chembe za barafu zinazometameta, na ilipoingia kinywani ikachakarika.

Sababu ni kwamba ndani ya friza maji yanaganda polepole na kwa utulivu, kwa hiyo chembe za barafu zinakua bila wa kuzisumbua. Ndani ya mashine kuna silinda iliyozungukwa na kipozeo kikali; mchanganyiko ukigusa ukuta unaganda mara moja, na mara hiyohiyo visu vinavyozunguka vinaukwangua na kuurudisha katikati. Barafu hainyimwi nafasi ya kuganda, inanyimwa nafasi ya kukua. Tuliifanyia mtihani huohuo kastadi ya Kopp's: tukaiacha kwenye friza usiku kucha. Asubuhi ilikuwa ngumu, na hata ilipolainika ule ulaini wa dukani haukurudi. Wanaouza kastadi wanajua hivyo, ndiyo sababu wanaitengeneza siku nzima kidogo kidogo.

Kabla sijaondoka tulikwenda Madison, nikaone chuo. Jengo la idara yake linaitwa Babcock, na chini yake kuna duka linalouza aiskrimu inayotengenezwa hapohapo chuoni. Jina hilo ni la Stephen Babcock, profesa ambaye mwaka 1890 alibuni njia rahisi ya kupima mafuta ndani ya maziwa kwa kutumia tindikali na mashine ya kuzungusha. Kabla yake mfugaji alilipwa kwa uzito au ujazo, na mwenye kuongeza maji kwenye debe alimshinda mwaminifu. Wafugaji wetu wa Tanga wanaijua hadithi hiyo, kwa kuwa vituoni wanakokusanyia maziwa hukutana na laktomita, kipimo cha kunasa maji kwenye maziwa, kila asubuhi. Sheria ya asilimia 10 ingekuwa maneno matupu kama kusingekuwa na namna ya kuyapima mafuta yenyewe.

Jimbo hili halitanii katika habari za maziwa. Vibao vya magari vimeandikwa kwamba hii ndiyo nchi ya maziwa ya Marekani. Tangu 1895 hadi 1967 ilikuwa marufuku kuuza majarini iliyotiwa rangi ya manjano, ili isije ikajipitisha kuwa siagi, na watu walikuwa wakivuka mpaka kwenda Illinois kuinunua na kuirudisha kwa siri. Katika mazingira kama hayo, si ajabu kwamba wenyeji wanalilinda neno kastadi. Na si ajabu kwamba mwaka 1984, katika mji mdogo wa Sauk City kaskazini-magharibi ya Madison, familia ya Culver ilifungua mgahawa wa hambaga na kastadi ya barafu ambao leo umekuwa na matawi zaidi ya 900. Hata huko Culver's, kila tawi lina mashine yake na hugandisha kastadi yake palepale. Walikuza biashara, lakini kanuni ya mashine hawakuweza kuikwepa.

Hilo ndilo lililonikaa zaidi njiani nikirudi Chicago. Kastadi ya Bird iliuzunguka ulimwengu kwa sababu inangoja: inangoja kwenye kopo, kwenye duka la mtaani, kwenye kabati, mpaka siku utakapoitaka. Kastadi ya mayai inangoja siku mbili tatu kwenye friji. Kastadi ya barafu haingoji kabisa. Haiwezi kukufuata nyumbani. Wewe ndiye wa kuifuata.

Kwa hiyo, kwa atakayepita huko, ushauri wangu ni huu. Usinunue ya kubeba. Onja kwanza ya vanila, kwa sababu chokoleti na njugu hufunika makosa na vanila haifuniki chochote. Angalia kama mashine inafanya kazi mbele yako na kama kastadi inashuka kwa uzito wake. Kula ukiwa bado umesimama kwenye eneo la duka, wala usione haya. Wote wanafanya hivyo.

Na kwa asiyekuwa na safari ya Marekani, hajapitwa na yote. Mashine za kugandishia zipo kwenye maduka yetu ya aiskrimu, maziwa yapo, mayai yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuthubutu kuongeza viini viwili kwa kilo kwenye mchanganyiko, kuupika vizuri ili mayai yawe salama, kupunguza hewa, na kuuza siku hiyohiyo. Atakayeanza Tanga atanipata dirishani. Ama kastadi ya sufuria, hiyo haihitaji mashine wala nauli: maziwa nusu lita, viini vitano, sukari vijiko vinne, moto mdogo na mkono usiochoka. Ijaribuni Ramadhani ijayo pembeni ya bakuli la kopo, muwaache wageni wachague wenyewe. Mimi nimeshachagua: ya sufuria kwa nyumbani, ya barafu kwa Milwaukee, na ya kopo kwa siku ambayo mayai yamepanda bei.